Nyota moja na maswali mengine ya waandishi

Msomaji ameandika Amazon kwamba riwaya yangu inachosha, akaipa nyota 1. Nimjibu? (Mombasa)

Usimjibu, hata kwa adabu. Hakukuandikia wewe; kamwandikia mnunuzi anayefuata. Mnunuzi huyo akikuta mwandishi anabishana, anaacha kukipima kitabu anaanza kukupima wewe. Amazon iliondoa nafasi ya kujibu maoni ya wateja mwaka 2020, kwa hiyo wenye hasira huhamia Facebook, na huko ugomvi huwaita watu ambao hata kitabu hawajakifungua.

Tazama hesabu pia. Ukiwa na maoni manne, matatu ya nyota 5 na hilo moja, wastani ni 4.0. Yakifika 40 na mengine yote yakawa ya 5, ni 4.9. Amazon haitumii wastani mtupu, lakini nguvu zako zitafaa zaidi zikienda kutafuta wasomaji wapya.

Nitajuaje lalamiko la kufanyia kazi? (Dodoma)

Chukua daftari, chora safu tatu.

Ya kwanza ni ya makosa yanayoshikika: mhusika ni Zuhura ukurasa wa 41, ukurasa wa 90 amekuwa Zuhra. Hapa akisema mtu mmoja anatosha. Hakikisha, sahihisha. Kwa kitabu kilichotolewa kupitia KDP, huduma ya Amazon ya mwandishi kujichapishia kitabu, unapakia faili jipya bila malipo. Ukaguzi huchukua hadi saa 72, na maoni ya zamani yanabaki. Kama ulipiga chapa nakala 1,000 kiwandani, tia kikaratasi cha masahihisho ndani ya zilizobaki.

Ya pili ni ya matarajio: "Nilidhani ni mapenzi, kumbe siasa." Hadithi haina kosa, jalada au maelezo ya nyuma yameahidi kingine. Inasikitisha kuona mwandishi akibomoa sura nzima wakati aya mbili za nyuma ya kitabu ndizo zilizohitaji kuandikwa upya.

Ya tatu ni ya mapendeleo. Mmoja analalamika kuwa mwisho umekatika ghafla, mwingine anausifu mwisho huohuo. Yaache. Ila wakifika watatu wasiojuana, wote wakasema walikwama sura ya tatu, isome sura hiyo kwa sauti, kalamu mkononi. Mara nyingi utakuta kurasa za ukoo na historia kabla tukio lolote halijatokea. Tunasisitiza "wasiojuana": watu wa kundi moja la WhatsApp huambukizana maoni, wahesabu kama mtu mmoja.

Goodreads wamenipa nyota 3. Nimefeli? (Kampala)

Hapana. Goodreads ni mtandao wa wasomaji wa vitabu, na pale 3 maana yake msomaji amekipenda kitabu, na 2 ni kwamba kilikuwa sawa tu. Amazon 3 ni ya chini kuliko hapo, basi usilinganishe. Goodreads pia huruhusu nyota kabla kitabu hakijatoka, kwa hiyo usishtuke ukizikuta mapema.

Binamu na rafiki zangu wako tayari kunisifia. Kuna ubaya? (Arusha)

Upo. Amazon inakataza maoni ya ndugu, marafiki wa karibu na ya kulipiwa. Huyafuta, na akaunti yako inaweza kufungiwa. Majina ya bandia ni hatari zaidi. Mwaka 2023 mwandishi mmoja Marekani alibainika kuwashushia wenzake nyota Goodreads kwa akaunti bandia, na mchapishaji akakifuta kitabu chake kabla hakijatoka.

Fanya hivi: wiki 4 hadi 6 kabla ya uzinduzi, wape nakala za bure wasomaji 20 hadi 30 wasio wa nyumbani. Waombe maoni ya kweli na waseme walipewa bure, lakini usiwashurutishe. Wengi hawataandika, ndiyo sababu ya kutoa nyingi. Tena, Amazon ya Marekani haipokei maoni ya mteja ambaye hajatumia angalau dola 50 katika miezi 12. Msomaji wako wa Morogoro akikwama hapo, mwelekeze Goodreads, ambako hakuna sharti hilo.

Kila saa nashika simu kuangalia maoni. Silali. (Nakuru)

Zima arifa leo. Mpe mtu unayemwamini kazi ya kuyasoma, akuletee kila Ijumaa ya safu ya kwanza na ya pili tu. Asubuhi ya kuandika usiyaguse kabisa, hata ya sifa, maana utaanza kumwandikia aliyekusifu. Matusi ya kabila, dini au familia si maoni ya kitabu: piga picha ya skrini, bonyeza kitufe cha kuripoti, na usiyasambaze.