Twiga wa Malindi kufika China, ni kweli kabisa

Wewe uliyeuliza kama ile stori ya twiga wa Malindi kupelekwa China ni uzushi, hapana ndugu yangu, ni kweli tupu. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walifika kwa mfalme Yongle na twiga mzimamzima, anatembea, na Wachina walivyomuona wakasema huyu ni qilin, yule mnyama wa baraka wa kwenye hadithi zao, mpaka mfalme mwenyewe akatoka kwenda kumpokea. Na hiyo ni miaka themanini na kitu kabla Vasco da Gama hajatia nanga hapa kwetu 1498, ila shuleni tulikaririshwa huyo Mreno tu, mimi hilo linaniuma sana.

Juzi nimeihadithia barazani hapa Malindi, watu hoi! Mzee mmoja kauliza sasa shingo walikuwa wanaiweka wapi tanga likigeuzwa? Mama wa mahamri naye akadakia, "Mimi mbuzi mmoja tu kumpandisha tuktuk kanipiga teke mbili, hao walimpandishaje twiga chomboni!" Tukacheka mpaka kahawa ikamwagika.

Halafu nikawaambia lile shingo lote lina pingili saba tu, sawasawa na zetu sisi, basi kila mtu akaanza kujipapasa kisogoni anahesabu, yule mzee akasema zake ni sita moja amezaliwa bila, na hataki kubishana na mtu