Simu mbili, kibla mbili
Ndugu, simu mbili kuonyesha kibla tofauti ndani ya msikiti mmoja si kosa la setilaiti. Dira ya simu husoma sumaku, na mabati, nondo za nguzo, spika, hata kifuniko chenye sumaku huipotosha. Vua kifuniko, toka nje mbali na magari, izungushe kwa umbo la nane mara kadhaa, kisha ilaze bapa. Kutoka Kisumu kibla ni kama digrii 13 kutoka kaskazini kuelekea mashariki. Ikisoma 40, usiiswalie. Kipimo ninachokiamini zaidi ni jua: tarehe 28 Mei, saa 6:18 mchana, huwa juu ya Kaaba. Simamisha fimbo wima kabisa. Kivuli kitaelekea kinyume cha kibla. Mawingu yakizuia, rudia 16 Julai, saa 6:27.