Je, mwanasayansi hukisia?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mwanangu yuko darasa la sita. Katika daftari la sayansi aliandika: "Nilikisia kwamba maharage yaliyolowekwa usiku kucha yataiva mapema kuliko yasiyolowekwa." Likarudi na wino mwekundu: "Mwanasayansi hakisii. Andika nadharia." Mjomba wake anasema neno ni "nadharia tete", tena ni mamoja na "nadharia". Nimwelekeze vipi mtoto?

JIBU: Marahaba, mama. Mtoto hakukosea, na mjomba amepatia nusu.

Anayebahatisha hana anachoegemea. Anayekisia anacho: fundi cherehani hukutazama mabega akakisia mita za kitambaa, na mara nyingi hazipungui. Mwanao ameona jikoni jinsi maharage yanavyovimba yakilowekwa, ndipo akakisia. Sayansi huanzia hapo hapo. Kisio likishaandikwa kwa namna inayoweza kupimwa, ndiyo nadharia tete.

Neno lenyewe "tete" tumelizoea. Tukisema hali ya mgonjwa ni tete, tunamaanisha inaweza kugeuka upande wowote. Nadharia tete nayo iko hivyo: jaribio linaweza kuiangusha. Ndiyo maana "Maharage mengine huchelewa kuiva" si nadharia tete. Sufuria gani itaikanusha?

Nadharia ni jambo jingine, na hapa mazungumzo ya kila siku yanatuponza. Mtaani tunasema "hiyo nadharia tu", tukiilinganisha na vitendo, kana kwamba ni maneno matupu. Katika sayansi, nadharia ni maelezo yaliyopimwa mara nyingi, na watu wengi, yakasimama, tena yanayofungamanisha mambo mengi. Nadharia ya vijidudu vya maradhi inaeleza kwa nini kipindupindu hufuata maji machafu na kwa nini kunawa mikono kunakinga. Sufuria moja ya maharage haijafika huko.

Msimulie mwanao habari ya Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Tanga, walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa maziwa yaliyochemshwa na sukari. Nafasi kwenye friji ilikuwa ya kugombea, akatia yake ikiwa bado ya moto. Ikaganda kabla ya ile ya mwenzake aliyetia maziwa bila kuyachemsha. Alipomuuliza mwalimu wa fizikia, akaambiwa amechanganyikiwa. Hakuacha. Baadaye, akiwa sekondari ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali hilo hilo Dkt. Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, naye Osborne akaenda kulipima. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja, na jambo hilo sasa linaitwa athari ya Mpemba.

Tazama vitenzi vya habari hiyo: aliona, aliuliza, walipima. Sikuandika "walithibitisha", kwa kuwa wanafizikia bado wanabishana iwapo athari hiyo hutokea kweli, na kwa masharti gani. "Kuthibitisha" ni kitenzi kizito, nacho wanafunzi wetu hukimwaga kila mahali. Jaribio moja likienda kama ilivyotarajiwa, inatosha kuandika: "Matokeo yanaafiki nadharia tete."

Kwa hiyo "nilikisia" libaki katika maelezo yake. Sentensi ya maharage aiweke chini ya kichwa "Nadharia tete", na hapo ndipo ningemrekebisha kidogo, maana hakutaja yanayopaswa kuwa sawa. Aandike: "Maharage ya aina moja, yakipikwa kwa maji ya kiasi kimoja na moto uleule, yataiva mapema zaidi yakiwa yamelowekwa usiku kucha." Kisha ayapike, aangalie saa. Yasipoiva mapema, aandike "nadharia tete imekataliwa", na ile sentensi ya kwanza asiifute.