Aanze kazi, ila juu ya mkarafuu asipande

Waalaykum salaam dada. Umesema mdogo wako ametoka Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili, yupo nyumbani Wete anaendelea na dawa, anataka kwenda kwenye karafuu, na mzee anasema asubiri mpaka apone kabisa.

Kwa heshima zote kwa mzee, asisubiri. Marekani, tangu miaka ya 1990, kuna utaratibu wa kumtafutia mgonjwa kazi anayoitaka mwenyewe mapema, kisha anasaidiwa akiwa kazini. Tafiti nyingi zimeona wanaopitia njia hii hupata kazi zaidi kuliko wanaowekwa kwanza kwenye mafunzo marefu.

Lakini mkarafuu ni mrefu na matawi yake hukatika ovyo, na dawa nyingi za maradhi haya huleta usingizi na kizunguzungu. Basi akae chini: kuchambua makonyo (vijiti vya karafuu), kuanika jamvini, kuwahi kuanua mvua ikitishia. Ni kazi ya haja, na inalipwa. Alipwe sawa na wenzake, msimpe "ya soda".

Asubuhi akiwa mzito, mwende kwa daktari mkaulize kama dozi inaweza kubadilishwa saa. Asiikate mwenyewe, hata akijiona mzima. Na habari ya dawa na funga, msingoje Ramadhani ifike ndiyo muulize.

Tajiri wa shamba aambiwe nini? Hilo aamue mdogo wako, si nyinyi. Mkubaliane naye mapema: akianza kukosa usingizi au kujitenga, nani apigiwe simu.