Kabla hujasaini na chuo cha Marekani, mchunguze kocha

Michezo ya UMISSETA ya shule za sekondari ikimalizika, simu yangu haipumziki. Vijana ninaowafundisha hapa Arusha, na wazazi wao pia, wanauliza swali lilelile: "Mwalimu, chuo gani Marekani kina timu nzuri ya soka?" Nami huwajibu kwamba waanze na kocha, chuo kitafuata. Kocha ndiye anayegawa fedha za ufadhili na kupanga nani acheze. Mara nyingi ndiye pia mtu mzima wa kwanza utakayempigia ukiugua usiku katika mji usiomjua mtu.

Nasema hivi kwa sababu nimepita huko. Nilicheza katika chuo kidogo cha majimbo ya katikati. Kocha aliyenisajili alikuwa mwepesi wa maneno na ofisi yake ilijaa makombe, lakini alihamia kwingine kabla sijamaliza masomo. Aliyempokea alikuja na wachezaji wake. Baadhi ya wenzangu walipunguziwa ufadhili, wakarudi kwao bila shahada. Tangu hapo, kijana akinitajia kocha anayemtaka, naanza kwa kutazama amekaa pale muda gani na alifanya nini mambo yalipokuwa magumu.

Kocha ninayependa kuwasimulia ni Jerry Yeagley wa Indiana University, mjini Bloomington. Alifika pale mwaka 1963, na kwa miaka kumi timu yake ya soka ilikuwa klabu ya wanafunzi tu, nje ya orodha ya timu rasmi za chuo. Alibaki, akaidai nafasi hiyo mpaka ilipopatikana mwaka 1973. Miaka mitatu baadaye alikuwa fainali ya taifa, akafungwa 1-0 na chuo cha San Francisco. Mwaka 1978 akarudi fainali na kufungwa na San Francisco haohao. Mwaka 1980, San Francisco tena: 4-3, katika muda wa nyongeza. Hebu waza kocha anayepoteza fainali tatu kwa mpinzani mmoja, kisha anarudi mazoezini na vijana wapya!

Ubingwa wa kwanza ulikuja mwaka 1982, katika fainali na Duke iliyokwenda vipindi vinane vya nyongeza mpaka Gregg Thompson akafunga bao lake la pili siku hiyo. Vikafuata vikombe vya 1983, 1988, 1998, 1999 na 2003. Alistaafu akiwa na ushindi mara 544, sare 45 na vipigo 101.

Vijana wengi huvihesabu vikombe hivyo sita na kuishia hapo. Mimi huwaomba watazame mapengo. Kati ya 1963 na 1982 hapakuwa na kombe hata moja la taifa. Kati ya 1988 na 1998 ni miaka kumi mingine. Kuna vijana waliosajiliwa, wakacheza na kuhitimu ndani ya pengo hilo, na hao ndio wanaofanana na wewe kuliko wale mabingwa, kwa sababu wachezaji wengi wa vyuo hawatagusa kombe la taifa. Kwa hiyo uliza kocha wako mtarajiwa anaishi vipi na wachezaji wake msimu unapokuwa mbaya.

Halafu tazama kilichotokea alipoondoka. Mwaka 2004 timu ilipewa Mike Freitag, aliyewahi kucheza chini yake na kuwa msaidizi wake, na mwaka huohuo ikatwaa tena ubingwa. Mwanawe, Todd Yeagley, akauleta mwingine mwaka 2012. Ndiyo maana ukizungumza na kocha, muulizie na msaidizi wake: ni nani, na amekaa naye kwa muda gani? Kocha mkuu akihama, huenda huyo ndiye utakayebaki naye.

Kuna jambo unaloweza kulikagua mwenyewe bila kumwomba mtu ruhusa. Vyuo vingi huweka kwenye tovuti zao vikosi vya miaka iliyopita. Chukua majina ya waliokuwa mwaka wa kwanza misimu minne nyuma, uyatafute katika kikosi cha mwisho. Wachezaji huhama kwa sababu nyingi halali, hasa siku hizi ambapo kuhama kumerahisishwa, lakini wageni kutoka nje wakiwa wanapotea karibu wote baada ya mwaka mmoja, usisaini kabla hujampata angalau mmoja wao na kuzungumza naye.

Karatasi nazo ni kazi ya kocha makini. Howard University, chuo cha Weusi kilichopo Washington, ilishinda ubingwa mwaka 1971 chini ya Lincoln Phillips wa Trinidad, ikiwa na wachezaji wengi wa Afrika na Karibea. Baadaye NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, iliwapokonya kombe hilo kwa madai kwamba baadhi ya wachezaji hawakustahili kucheza. Phillips alirudi mwaka 1974 na timu isiyofungwa hata mechi moja, akalichukua tena kwa kuishinda Saint Louis 2-1 katika muda wa nyongeza. Historia hiyo inanipa fahari kila ninapoisimulia. Lakini nawe hakikisha chuo kimethibitisha uhalali wako kabla hujapanda ndege, hasa kama umewahi kulipwa na klabu hapa nyumbani.

Wala usidharau vyuo vidogo. Lawrence Olum wa Kenya alisoma Missouri Baptist, nje kabisa ya daraja la kwanza la NCAA, na bado alifika MLS, ligi kuu ya soka ya Marekani.

Mwisho, fedha. Kwa miaka mingi timu ya wanaume ya daraja la kwanza iliruhusiwa ufadhili kamili 9.9 tu, ukigawanywa kwa kikosi chote. Kuanzia msimu wa 2025, vyuo vilivyoingia katika utaratibu mpya wa kugawana mapato na wanamichezo havina tena kikomo hicho, bali vina ukomo wa wachezaji 28. Daraja la tatu halitoi ufadhili wa michezo kabisa. Kwa hiyo kocha akikuambia "utapata ufadhili", omba barua inayotaja kiasi kwa dola, inachokilipia (ada, malazi, chakula, bima), ni kwa mwaka mmoja au minne, na itakuwaje ukiumia goti au yeye akihama.