Muhogo wa kuwahi: si jeni moja

Ndugu, umeuliza kama kuna jeni moja ya kuwahi, yaani kukomaa mapema, inayoweza kuhamishiwa kwenye muhogo wako wa kienyeji. Hapana. Kuwahi kunatokana na jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo, na mazingira nayo yana sauti kubwa.

Mizizi ya muhogo huanza kunenepa mapema, kwenye mwezi wa pili au wa tatu. Aina za muhogo zinapishana kwa kasi baada ya hapo: mmoja unapeleka chakula chini, mwingine unaendelea kujenga majani na matawi. Ndiyo maana watafiti hung'oa mashina machache mwezi wa sita au wa saba, wakalinganisha uzito wa mizizi na uzito wa mmea mzima. Uwiano huo hurithiwa vizuri kuliko mavuno yenyewe. Ukisubiri mwezi wa kumi na mbili, tofauti ya kuwahi huioni tena.

Ugumu mwingine: ukichavusha mihogo miwili, kila punje inayopatikana ni mmea tofauti. Ukiupata mzuri, unauzidisha kwa pingili, yaani vipande vya shina, na pingili haziongezeki haraka kama mahindi. Kwa njia ya kawaida, kupata aina mpya huchukua miaka 8 hadi 10. Uteuzi kwa alama za DNA, yaani kuchagua mimea kwa kusoma jeni zake bila kusubiri mavuno, ambao ulitumiwa na mradi wa utafiti wa NextGen Cassava ulioanza mwaka 2012, unalenga kufupisha muda huo.

Ukienda kuchukua pingili, uliza pia kiwango cha wanga na ukinzani dhidi ya magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia. Muhogo unaowahi lakini wenye maji mengi hautoi unga wa maana.