Mafundi, wasusi, wapishi wa keki: fungeni daftari mapema mle Krismasi kwa amani

Jana usiku nimepata meseji ya dada mmoja msusi, ana saluni yake Dar, kaandika kirefu mpaka nikamuonea huruma. Anasema wateja wa rasta wanaanza kupanga foleni hajafungua hata mlango, watoto wamefunga shule wako ndani wanagombania rimoti kutwa, mume anataka familia yote iwe Moshi kabla ya tarehe 24, mama mkwe keshapiga simu kuulizia habari za mbuzi, na yeye siku hizi akiingia bafuni anafungulia maji kwanza ndo alie, watu wasimsikie. Akamalizia kwa kuniuliza, dada we unawezaje, maana kila nikiangalia status zako za Desemba naona unacheka tu.

Mdogo wangu, nakujibu hapa hapa maana najua hauko peke yako, tuko wengi.

Mie ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Ngamiani hapa Tanga, na nyie mnaojitafutia kama mie mnajua Desemba kwetu ni mavuno. Vikoba vinagawana, watu wana hela mkononi, kila mzazi anataka gauni la mtoto la kuvaa kanisani, kwaya zinataka sare mpya, na katikati hapo wanakuja wa sare za shule kwa sababu Januari si mbali na wale wanaoingia form one wanatakiwa wawe na kila kitu. Halafu kuna joto. Kaskazi ikishaingia, chumba kina cherehani, pasi inawaka, na wateja wamejazana mlangoni, lile jasho linadondokea kwenye kitambaa cheupe cha watu. Kwa hiyo nikisema nina utulivu sio kwamba sina kazi. Nina kazi kuliko wengi wanaolalamika, tena nasema hivyo kwa kujivunia kabisa kwa sababu nimeijenga hii biashara kwa mikono yangu mwenyewe.

Ila haikuwa hivi zamani.

Kuna mwaka kwaya moja, siitaji, walikuja na vitenge tarehe 20 wanataka sare za wanakwaya wote, wavae usiku wa mkesha. Nikawaambia jamani muda hautoshi. Wakaniambia dada, hii ni kazi ya Mungu. Nyie wenyewe mnajua ukishaambiwa hivyo mdomo unafungwa. Vitenge vyenyewe vilinunuliwa kwa awamu mbili, ukivitandaza juani njano ya huku imekolea na ya kule imepauka, nikamuita kiongozi wao nikamuonyesha kwa kidole, akasema we shona tu, usiku nani ataona. Basi nikakata. Usiku wa tarehe 23 umeme ukakatika, nikahamia kwenye cherehani ya kukanyaga, simu nimewasha tochi nimeiegemeza kwenye kopo la vifungo, miguu imevimba, mdogo wangu wa kazi kasinzia kichwa kiko juu ya mabaki ya vitambaa. Nikamaliza zote. Zote, na pindo, na vifungo, na zimepigwa pasi ya mkaa.

Mkesha wenyewe alasiri akaja yule yule kiongozi, akachukua gauni moja akaligeuza geuza, akaiona ile tofauti ya rangi ambayo nilimuonyesha mie mwenyewe, akalitupa juu ya meza mbele ya wateja wangu. Akasema tungejua tungepeleka kwa watu wanaojua kazi. Nguo wakachukua, wakaziimbia, watu wakawapigia makofi, na salio langu wakalileta kidogo kidogo mpaka Pasaka ikawa inanukia. Samahani sijaisikia hadi leo. Tukikutana Mgandini sokoni tunasalimiana vizuri tu, mie namuitikia na tabasamu juu, lakini siwezi kusema moyo umesahau, ningekuwa muongo.

Usiku ule kanisani sikwenda. Nilikaa pale pale kwenye kiti cha cherehani, kwenye gauni langu nimejaa nyuzi za njano, na wanangu wakawa wanakuja mmoja mmoja wananichungulia mlangoni halafu wanarudi ndani bila kusema kitu. Hicho ndo kiliniuma kuliko lile gauni kutupwa.

Asubuhi ya tarehe 25 mama wa nyumba ya jirani akaingia na birika la chai, mahamri na mbaazi za nazi. Ni Muislamu, na sie hapa Tanga ndo tunavyoishi, Idd sahani inatoka kwao inakuja kwetu, Krismasi inatoka kwetu inaenda kwao, mwaka ule akaona kwangu moshi haufuki akaleta yeye. Akaniangalia, akaniambia mwanangu, sie Idd yetu hatujui ni kesho au kesho kutwa mpaka mwezi uandame, na watu wanavaa wanapendeza. Nyie siku yenu mnaijua tangu Januari, iweje ikukute unakimbia?

Jamani lile neno lilinikaa. Kwa sababu mie nguo za Idd nashona, tena nyingi kuliko za Krismasi maana wateja wangu wengi ni Waislamu, na presha ya Idd naijua, mwezi unaweza kuandama ishirini na tisa ukatangazwa usiku, mteja aliyekuwa anahesabu thelathini anakuja mbio kanzu ya mwanawe haijatiwa hata vifungo. Pale fundi ana sababu. Lakini tarehe 25 Desemba haihami, haingoji mtu aone kitu angani. Wanaotufanya tukimbie ni watu, na sie tunawaruhusu.

Basi tangu hapo nafunga daftari. Na hii ndo siri yangu yote, wala sina nyingine. Daftari langu la vipimo lina jina, bega, kifua, kiuno, hipsi, urefu, na kipande cha kitambaa cha mteja nimekibana kwa pini pembeni ya ukurasa ili nisichanganye. Ikifika tarehe 10 Desemba napiga mstari wa biki nyekundu. Chini ya mstari hakuna jina linaloandikwa mpaka Krismasi ipite. Sio tarehe 11, sio "kagauni kadogo tu", sio mtoto wa shangazi. Na mlangoni naweka karatasi kuanzia Novemba, imeandikwa mwisho wa kupokea ni tarehe 10, na nusu ya hela inatangulia, wasioweza kusoma nawaambia kwa mdomo, wa WhatsApp nawaandikia, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema sikujua.

Watakuja tu. Mwaka huu kaja mama mmoja na leso ina hela zote, hakutaka hata nusu, anataka kulipa yote hapo hapo. Nilimeza mate kwa kweli. Lakini ukimfungulia mmoja umewafungulia wote, kwa sababu atatoka na lile gauni na jirani yake atamuuliza limeshonwa lini. Nikampeleka kwa fundi mwenzangu barabara ya juu ambaye bado ana nafasi, na mwenzangu huyo naye huniletea wa kwake. Hela inarudi wapendwa, msiogope. Leo tarehe 18 nguo za watoto zote zimeshatundikwa, zilizobaki ni kutia zipu tu, na jana saa moja usiku nilikuwa nimefunga niko nyumbani nakunywa chai na wanangu. Mafundi wenzangu wanajua hii ina maana gani. Sie ndo tunaoitwa watu wa "njoo kesho" nchi nzima, na mie mteja akija siku niliyomwambia anaikuta nguo yake.

Na daftari sio la kazi peke yake, nyumbani pia lipo hata kama hujaliandika. Mume wangu ni wa Rombo. Wenye waume wa Kilimanjaro mnaelewa, Desemba kule ni lazima watu waonekane, na nauli ndo hiyo, na stendi ya mabasi ya Kange kuanzia tarehe 20 tiketi unaitafuta kama dawa. Miaka ya mwanzo nilikuwa naambiwa tarehe 22 kwamba tunasafiri tarehe 23, nikiwa na nguo za watu kichwani, gari inapita Segera, Korogwe, Mombo, mie nimelala mdomo wazi na tukifika kule naingizwa moja kwa moja jikoni. Wifi yangu mmoja aliwahi kusema mbele za watu huyu wa Tanga anajifanya ana kazi, kwani anashona nguo za rais? Sikumjibu. Kazi ile ile ndo iliyoezeka nyumba ya wazazi wao, na hilo analijua.

Sasa hivi mie na mume wangu tunakaa chini Novemba, tunapanga, na tukishapanga tunafunga. Krismasi tunakula hapa Tanga, tarehe 27 ndo tunapanda, na gari za kupanda siku hizo zina nafasi unachagua siti. Mkiona ni ajabu muulizeni mchungaji au padri wenu, Noeli kanisani haiishi tarehe 25, inakwenda mpaka Epifania tarehe 6 Januari. Mie ni Mbondei wa Muheza, nimekulia karibu na Magila kwenye misheni ya zamani ya Waanglikana, na bibi yangu alikuwa anatuambia zile Jumapili nne za Majilio, kabla ya Krismasi, mtu anatengeneza moyo. Sie tumezigeuza Jumapili nne za kukimbizana na vitambaa, michango ya magrupu, na kununua vitu ambavyo Januari ada inavidai. Yesu kazaliwa zizini jamani, hakuna mahali imeandikwa Mariamu alikuwa na pazia jipya.

Kwa hiyo wanawake wenzangu, funga daftari. Grupu la michango likilia usiku, zima data, ulale. Ndugu wa kutumiwa hela waandike Novemba, watumie na ya kutolea, ufunge. Mtu akikutukana Desemba ujue na yeye kachoka, lakini usimpe nafasi ya kukutukana mara ya pili, mwakani jina lake lisiingie kwenye daftari mpaka alipe yote kabla. Hata ile kwaya ilirudi, nikawaambia vitenge viwe hapa Oktoba na hela kamili. Hawakuleta. Nilimshukuru Mungu.

Sasa wewe msusi wangu. Leo bado una nafasi. Chukua karatasi andika vichwa vyote ulivyokwisha kuahidi, hesabu kila kichwa kinakula saa ngapi, weka na saa za kulala, ukifika tarehe 23 mchana piga mstari. Waliobaki chini ya mstari wapigie leo hii, usisubiri wakukute mlangoni, wape saluni ya mwenzio. Watoto wakubwa wape zamu ya kufagia na kuosha mataulo, wanaweza. Hela ya mbuzi mtumie shemeji leo anunue kule kule, asubuhi hii kabla hujaitumia kwa mambo mengine. Na mama mkwe mpigie wewe mwenyewe, usimuachie mume, msalimie vizuri, muulize magoti, halafu mwambie mama tunakuja tarehe 27 na tutakaa mpaka mwaka mpya. Akinuna mpe siku mbili tu, atapiga kuuliza mnakuja na gari gani.